Majilio kwa Watu Waliozoea Kungoja

Mwaka huu wa 2025 Majilio yanaanza Jumapili tarehe 30 Novemba na kumalizika jioni ya tarehe 24 Desemba. Ukihesabu ni siku 25, zenye Jumapili nne ndani yake, za kujiandaa kwa Krismasi. Neno lenyewe limetoka kwenye "kujilia", yaani kumjia mtu. Anayekuja haji tu kama mvua inavyokuja, anamjia mtu fulani, mahali fulani. Wakongomani wenzangu waliosoma Kifaransa wanasema Avent, na hilo limetoka kwenye Kilatini, adventus, maana yake kufika.

Sasa sisi wa Nyarugusu ukituambia habari ya kungoja, hatuhitaji kamusi. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo, na tangu mwaka 2015 ndugu zetu wa Burundi nao wako hapa kwa wingi. Kuna vijana kwenye kikundi chetu waliozaliwa hapa na wana watoto wao waliozaliwa hapa. Tunangoja mgao. Tunangoja zamu ya maji. Tunangoja kuitwa intavyuu, halafu tunangoja majibu ya intavyuu, halafu medikali, halafu ndege. Mwanzoni mwa mwaka huu safari nyingi za nchi ya tatu zilisimama, na kuna familia zilikuwa zimeshauza masufuria na magodoro. Wengine wanangoja kwa hofu, kwa sababu kinachokuja hawakitaki. Hiyo nayo ni kungoja.

Mimi kazi yangu ni vijana. Kila mwaka mwezi wa kumi na moja ukifika tunakaa kupanga mambo ya Majilio, na safari hii msichana mmoja akaniuliza: "Yaya, mwaka mzima tunaambiwa subiri. Ofisini subiri, kwenye foleni subiri. Tunaingia kanisani, eti nako subiri. Tofauti iko wapi?" (Kwetu Wakongomani yaya ni kaka au dada mkubwa, si mlea watoto. Nasema hivyo kwa wafanyakazi wa mashirika waliotoka mbali.)

Hilo ni swali la haki na halijibiwi kwa wimbo. Nimelibeba wiki kadhaa, na haya ndiyo ninayoweza kusema.

Kwanza, Majilio hayakuanza kama kipindi cha kukaa. Wakristo wa zamani kabisa hawakuwa nayo. Karne ya 4 ndipo tunaanza kuona dalili: mwaka 380 maaskofu waliokutana Zaragoza, Hispania, waliwataka waamini wasikose kanisani kuanzia tarehe 17 Desemba mpaka sikukuu ya Epifania. Baadaye, karne ya 5, Askofu Perpetuus wa mji wa Tours, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, aliagiza watu wafunge siku tatu kila wiki kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martini, tarehe 11 Novemba. Kwa hiyo tangu mwanzo lilikuwa jambo la kufanya: kufunga, kusali, kujinyima. Ndiyo maana mpaka leo padre anavaa zambarau, rangi ya toba, na siku za Jumapili hatuimbi Utukufu. Tunauweka mpaka usiku wa Krismasi.

Si Wakristo wote wanaoadhimisha. Kwenye kikundi chetu kuna Wapentekoste, na kwao Krismasi inafika bila mishumaa wala zambarau. Kuna Wasabato pia, na hao nao hawana kipindi hiki, ingawa jina lao rasmi, Waadventista, limetoka kwenye neno lilelile la kufika. Wao wamelibeba kwa kungoja Yesu arudi. Na kusema kweli hata sisi Wakatoliki, mpaka tarehe 16 Desemba masomo yanatazama zaidi kurudi kwake mwisho wa nyakati. Kuanzia tarehe 17 ndipo yanageukia Bethlehemu. Kwa hiyo nikiongea na wote hawa chini ya mwembe, hakuna anayekuwa mgeni. Wote tunamngoja aliyekuja na atakayekuja.

Mwaka huu kwetu tunaanza Mwaka A, mwaka wa Injili ya Mathayo. Nimesoma Injili za Jumapili zote nne mara nyingi nikiwa na lile swali, na naona zinalijibu hatua kwa hatua.

Jumapili ya kwanza Yesu anaongea juu ya siku za Nuhu, kisha anasema watu wawili watakuwa shambani, mmoja atatwaliwa na mwingine ataachwa. Wanawake wawili watakuwa wanasaga, vilevile. Hapa kambini somo hili linauma. Sisi tumeona kaka anaitwa jina lake na mdogo wake haitwi. Tumeona mama amepanda basi na binti yake, kwa sababu aliolewa na kesi yake ikatenganishwa, amebaki amesimama barabarani. Siwezi kusema Mathayo alikuwa anaongea habari hiyo, hapana. Lakini kijana anaposikia "mmoja ataachwa", moyo unakwenda huko kwanza, na anayehubiri asijifanye hajui.

Neno ambalo Yesu analitoa baada ya hapo si subirini, ni kesheni. Na kukesha sisi tunakujua. Mtu akifiwa, tunakesha kwake. Kuna anayeleta kuni, kuna anayechemsha chai, kuna anayeanzisha wimbo wengine wakisinzia, kuna anayekaa tu karibu na mama aliyefiwa asibaki peke yake. Hakuna anayekesha kwa kulala, na watu wengi hawakeshi peke yao. Kungoja kwa ofisini unaweza kukufanya ukiwa umelala mkekani mchana kutwa, na huwezi kulaumiwa, maana hakuna unachodaiwa. Kukesha ni kazi, tena ni kazi ya watu pamoja. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza niliyomwambia yule dada.

Jumapili ya pili anatokea Yohane Mbatizaji jangwani, na ujumbe wake ni wa barabara: njia itengenezwe, inyooshwe. Maneno hayo ameyachukua kwa Isaya, sura ya 40, na sura hiyo inaongea na watu waliokuwa uhamishoni Babeli. Yerusalemu ulianguka mwaka 586 kabla ya Kristo. Ruhusa ya kurudi ilitolewa na mfalme Koreshi wa Uajemi mwaka 538. Hesabu: ni karibu miaka 50. Kuna waliorudi Yerusalemu ambao hawakuwahi kuuona, kama vijana wetu wanaosema "kwetu Fizi" na Fizi wanaijua kwa simulizi za bibi. Kwa hiyo haya maneno ya Majilio, kabla hayajawa ya kanisa lenye taa na kinanda, yalikuwa ya watu kama sisi.

Tena barabara haijengwi kwa kukaa. Desemba mwaka jana mvua ilikata njia inayopita karibu na tunapokutania. Wazee walikuwa wanateleza wakitoka kwenye mgao, magunia yanaanguka kwenye tope. Vijana wakachukua majembe, wakachimba mfereji wa pembeni, wakajaza shimo kwa mawe na vipande vya matofali. Ilichukua Jumamosi mbili. Mzee mmoja akauliza ni mradi wa shirika gani. Wakamjibu: "Baba, ni Injili ya Jumapili ya pili." Alicheka, halafu akaenda kuleta koleo lake.

Ile njia mvua za mwaka huu zimeanza kuila tena upande mmoja. Sikuandika haya kusema kwamba vijana wametatua tatizo la barabara. Nasema kwamba kwa Jumamosi zile mbili walikuwa wanangoja Krismasi, na ukiwaangalia ungejua kwamba wanangoja kitu.

Kuna kijana mmoja alikuwa ameshapita medikali. Miaka miwili tulimwita kwenye darasa la cherehani, akakataa. Alikuwa anasema, "Nitaanzaje kitu nitakachokiacha?" Na wapo wengi wanaosema hivyo: siwezi kuoa, nitaharibu kesi, siwezi kupanda mchicha, nitaondoka kabla haujaota, sirudi shule, nitasoma kule. Safari ziliposimama alikaa ndani miezi miwili. Halafu akaja darasani. Alisema wazi hakuja kwa imani, alikuja kwa sababu nyumbani kulimshinda. Leo anashona sare za shule. Bado kila asubuhi anapita kwenye ubao wa matangazo kutazama kama kuna jina lake. Sasa anapita na tepu ya kupimia shingoni.

Mimi simwambii aache kupita pale. Tumaini lake ni lake. Ila naona kwamba kungoja kwake kumebadilika, na kesi yake haijasogea hata hatua moja.

Jumapili ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ni Jumapili ya furaha. Padre akiwa na vazi la waridi analivaa siku hiyo, maana tumepita katikati ya kipindi. Lakini Injili ya siku hiyo ya furaha mwaka huu inatoka gerezani. Yohane, yuleyule aliyekuwa anapiga kelele jangwani, amefungwa. Anawatuma wanafunzi wake kwa Yesu wamuulize kama ndiye yeye ajaye, au wamngoje mwingine.

Fikiri kidogo. Mtu huyu maisha yake yote ameyatumia kuwaambia wengine anakuja, anakuja. Sasa yuko ndani ya kuta nne, mlango umefungwa kwa nje, na anauliza kama alikosea. Sisi si wafungwa, lakini watu wanaotoka kambini kwa kibali wanamwelewa Yohane.

Na Yesu hakumkemea. Hakusema imani yake ni ndogo. Aliwaambia wale wajumbe warudi wakamweleze wanayoyasikia na kuyaona: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanapata habari njema. Walipoondoka, akamsifu Yohane mbele ya umati. Tarehe ya kutoka gerezani hakumpa, na tunajua Yohane hakutoka, aliuawa humo. Nasema hivi kwa sababu kuna mahubiri yanayofanya Majilio kuwa ahadi kwamba ukingoja vizuri utapewa ulichoomba. Injili hii haisemi hivyo. Inasema mwenye kungoja ana haki ya kuuliza, na anayeulizwa ana wajibu wa kujibu kwa vitu vinavyoonekana.

Kwa hiyo kijana akiuliza "mpaka lini?", asiambiwe ananung'unika. Anauliza swali la Yohane.

Jumapili ya nne ni ya Yusufu. Alikuwa na mpango wake: posa imekwisha, harusi iko mbele. Mara mchumba ana mimba na si yake. Alitaka kumwacha kimyakimya asimwaibishe. Usiku akaota, na alipoamka alifanya alichoambiwa, akamchukua Mariamu nyumbani. Mathayo hatupi hata neno moja la Yusufu, anatuonyesha tu alichofanya. Mpango wake wa kwanza haukurudi. Akapokea mtoto ambaye hakumzaa, akampa jina. Hapa kambini kuna akina mama na akina baba wanaolea watoto waliofika peke yao, wengine hata lugha zao hazifanani. Nikisikia Injili ya Yusufu nawaona wao. Hawakungoja maisha yawe sawa ndipo wampokee mtoto.

(Habari za Yesu kukimbilia Misri sizigusi. Hizo tumehubiriwa kila mwaka kwa sababu sisi ni wakimbizi, tena zinakuja baada ya Krismasi. Tusiruke.)

Sasa nirudi kwenye mishumaa, maana watoto wanaipenda na historia yake wengi hawaijui. Mwaka 1839, mjini Hamburg, Ujerumani, kulikuwa na mchungaji Mlutheri, Johann Hinrich Wichern. Alikuwa na nyumba ya kulelea watoto maskini, inaitwa Rauhes Haus, aliyoianzisha mwaka 1833. Kipindi cha Majilio watoto walikuwa wanamuuliza kila siku: Krismasi ni lini? Basi akachukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo ya siku za kawaida na mikubwa minne ya Jumapili. Kila siku wakawasha mmoja zaidi. Taji la Majilio lenye mishumaa minne, lile tunaloliona leo makanisani hata kwa Wakatoliki, limetoka huko kwa wale watoto.

Mimi kama mtu wa vijana hiyo hadithi inanigusa. Mchungaji angeweza kuwaambia watulie, yeye ndiye mkubwa. Badala yake aliwapa kitu cha kuhesabia. Mtoto ambaye hajui kusoma alikuwa anatazama gurudumu na anajua: bado ngapi.

La kwetu ni rimu ya baiskeli. Fundi mmoja alitupa kwa sababu ilikuwa imepinda na hainyooki tena. Mishumaa ya zambarau na waridi hatuipati, kwa hiyo tunatumia myeupe ya dukani na kufunga chini yake vitambaa vya kitenge, vitatu vya zambarau na kimoja cha waridi. Upepo unaizima sana. Kuna mtoto kazi yake ni kukinga kwa mikono.

Na hapo ndipo naona ugonjwa wa kungoja kwetu: hauna mshumaa. Hujui uko wa ngapi. Mtu anaweza kuvumilia muda mrefu sana akijua amefika wapi, lakini akikosa kujua hata wiki moja inamshinda. Pasipo hesabu ya kweli, watu wanatafuta hesabu ya uongo. Ndiyo maana redio ya barabarani haikosi wasikilizaji, na matapeli wanaodai wanaweza kusogeza kesi hawakosi wateja. Jambo hili nalo ni la zamani. Wakati wa Babeli nabii Hanania alitangaza kwamba baada ya miaka miwili mambo yote yatarudi kama zamani. Watu walimpenda. Yeremia akampinga, halafu akawaandikia wale wa uhamishoni barua yenye habari ngumu: itakuwa miaka 70. Basi wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuzaa, wauombee mema mji walipo. Hakuwaambia wasahau kwao. Aliwaambia wasiache kuishi.

Kwa hiyo yule dada nimemjibu hivi. Kungoja kwa kambi kunakuambia weka maisha pembeni mpaka jina lako liitwe. Kungoja kwa Majilio kunakuambia yupo anayekujia hapahapa ulipo, kwa hiyo fagia, amka, tengeneza njia, uliza swali lako, pokea mtoto. Neno moja, kazi mbili tofauti. Alinijibu: "Sawa Yaya, lakini tumbo halijui tofauti." Ni kweli pia. Mgao ukipungua Majilio hayajazi sahani, na mtu asitumie Majilio kuwafunga watu midomo wanaposema wana njaa.

Ninaomba mambo matatu kabla ya tarehe 24.

Wafanyakazi wa mashirika: mkituambia tusubiri, tuambieni mtarudi lini, na siku hiyo mrudi hata kama mikono ni mitupu. Kuja kusema "bado sina jibu" ni mshumaa mmoja. Tunajua mengi hayako mikononi mwenu, na wengine wenu nanyi mnangoja kujua kama mkataba utaendelea.

Wazee wetu wa makanisa yote: Jumapili ya tatu waacheni vijana waulize. Msiwe na haraka ya kujibu.

Vijana wenzangu: kila mmoja achague kitu kimoja chenye mwisho. Kushona gauni la mdogo wako, kumfundisha mtoto wa jirani kusoma kurasa kumi, kuchota maji ya mzee mmoja kila Jumamosi, kupatana na mtu. Kiwe kidogo, lakini tarehe 24 jioni kiwe kimekwisha, ili mwaka huu tuwe tumengoja kitu kimoja mpaka kikafika.

Mshumaa wa kwanza tunawasha Jumapili tarehe 30 saa kumi na mbili jioni, pale chini ya mwembe. Wa madhehebu yote mnakaribishwa, na asiye na dhehebu pia. Mwenye kiberiti kikavu aje nacho, chetu kimeloa.